Breki za Kushukia Mlima

Sisi watu wa Kibosho hatuogopi kupanda. Tunaogopa kushuka. Ndiyo maana wenye magari ya zamani huku kwetu wana tabia moja: kabla ya kuteremka, mtu anaingia chini ya gari na kuzikaza breki za nyuma. Kwa mzee, mume wangu, hiyo ndiyo sala ya asubuhi. Lori letu liliwahi kumkatalia kusimama kwenye mteremko, akalielekeza kwenye migomba ya jirani likasimama humo. Tangu siku hiyo hakuna breki iliyokazwa ikamtosha.

Siku ninayoisema ilikuwa ya kiangazi. Ng'ombe wetu alikuwa amezaa, na zizini hapakuwa na kitu ila vigogo vya migomba tulivyomkatakatia. Maziwa yakaanza kukauka, ndama akawa anavuta chuchu tupu. Chakula kilikuwa chini, kwenye shamba letu la mahindi upande wa Chekereni: mabua. Nayo mabua, mahindi yakishavunwa, hayamngoji mtu. Tulishaambiwa wafugaji wangeingiza mifugo yao kesho yake.

Tukaenda watatu: mzee kwenye usukani, mimi, na wifi yangu, dada yake mzee, mjane ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. Tulikata, tukafunga, tukapakia mpaka mzigo ukapita kichwa cha lori. Mgongo wangu ulikuwa umeshaniaga.

Tulipouacha mji na kuanza kupanda, lori likawa zito. Mzee akasema ni mzigo, akarudisha gia. Likazidi kuwa zito. Wifi akanusa.

"Kaka, kuna kitu kinaungua."

"Watu wanapika kwenye nyumba ile."

"Wanapika raba?"

Lori likatetemeka, likazimika. Akaliwasha tena, halikusogea. Alipoliachia lirudi nyuma na mteremko, halikurudi pia. Nilishuka nikakata matawi, nikayatandaza barabarani nyuma yetu ili wenye magari wajue kuna ubovu mbele. Tairi za nyuma zilikuwa zinafuka. Wifi akainua dumu la maji, mzee akamshika mkono: chuma kikiwa cha moto hivyo hakimwagiwi maji, kinapasuka. Tukakaa kwenye nyasi tungoje kipoe. Jua halikutungoja.

Baadaye akaweka mawe kwenye tairi za mbele, akapiga jeki upande mmoja wa nyuma. Tairi haikuzunguka. Akasema ni waya wa breki ya mkono umegoma kurudi, akaufungua kabisa. Tairi ni ileile. Basi ni oili ya breki imenasa kwenye silinda, akasema, akalegeza nati ndogo ya kutolea upepo. Oili ikadondoka, tairi haikusogea. Mzee akakaa chini na spana mkononi.

"Tupakue," akasema. "Kesho tutafute fundi."

"Kesho mabua yote yataliwa na mbuzi wa mjini. Na ng'ombe leo anakula nini? Mimi sipakui," nikamwambia.

Nikapeleka kiganja karibu na gurudumu la kushoto, nikazunguka na kulia. Joto lilikuwa moja. Mimi gari silijui, ng'ombe nawajua. Ng'ombe mmoja akivimbiwa, unamwangalia yeye. Wakivimbiwa wote siku moja, unamwuliza aliyewalisha.

"Baba, hizi zinaumwa zote mbili. Asubuhi ulizifanya nini?"

Wifi akamjibia. "Alikuwa chini ya gari tangu kabla ya chai. Nilidhani anatubu."

"Nilikaza kidogo," mzee akasema.

"Kidogo ya nani?" nikauliza.

"Ya mteremko."

Akatandika gunia, akaingia chini. Nyuma ya gurudumu kuna tundu, na ndani yake kigurudumu chenye meno. Ukikizungusha huku, breki inabana. Ukikizungusha kule, inaachia. Ikikazwa mno inasugua njia nzima, inapata moto, inavimba, mwisho inashika. Anayajua haya kuliko mimi, ndiye aliyenieleza. Ila kila akiingia chini ya lori anaiona ile migomba ya jirani.

Alirudisha jino mojamoja kwa bisibisi, mimi nikiisukuma tairi. Ikaachia ghafla, nusura inibwage. Tukafanya na upande wa pili. Kisha akaongeza oili, na wifi akapanda kwenye usukani ili watoe upepo ulioingia kwenye breki.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

"Mguu huu umelima miaka yote. Breki yako itavunjika, kaka."

"Kanyaga tu, dada."

Tulifika jua limeshazama. Kabla hatujakata kona ya nyumbani nilimsikia ng'ombe analia. Hatukupakua. Tulivuta mzigo mmoja tukamtupia, tukasimama hapohapo watu watatu wenye vumbi, tukimsikiliza anavyotafuna.

Safari iliyofuata, asubuhi, nikasikia mzee anaburuta gunia lake kwenda chini ya lori. Sikumkataza. Mtu aliyewahi kukosa breki humkatazi. Nilisubiri amalize, nikatoka.

"Piga jeki."

Nikaweka mkono kwenye tairi, nikasukuma. Haikwenda.

"Mkono huu una baridi yabisi," nikamwambia. "Ukishindwa kuizungusha, hatuondoki. Legeza."

Akalegeza jino moja. Ikasogea kwa shida.

"Tena."

"Mama, ule mteremko."

"Mteremko naujua. Tena."

Akalegeza. Tairi ikazunguka, ikikwaruza kidogo tu. Tukaenda upande wa pili. Kisha akalijaribu uani, likasimama pale alipotaka.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Kila tukishuka natangulia kuamka, magoti yananiuma, nakwenda kuzungusha tairi za lori. Yeye anakaza, mimi namrudisha.