Nilivyomshonea Mjukuu Wangu Lifti Dubai

Niliondoka Nakuru kwa sababu mjukuu wangu alikuwa ametimiza miaka minne na sikuwa nimembeba hata siku moja. Zawadi alizaliwa Dubai, ambako binti yangu Esther anafanya kazi hotelini na mumewe, Barasa, ni msimamizi wa walinzi. Tulikuwa tukionana kwa simu kila Jumapili baada ya kanisa. Mwaka huu Esther akanitumia tikiti. "Mama, njoo mwisho wa Oktoba," aliniambia. "Sote tutakuwa nyumbani, tutafanya Halowini na watoto."

Neno hilo sikulipenda. Mimi ni fundi wa cherehani na mwimbaji wa kwaya, na nilichokuwa nimesikia kuhusu Halowini ni kwamba watu huvaa kama mashetani. Lakini mjukuu ni mjukuu. Nikaifunika cherehani yangu kwa shuka, nikaenda.

Ndani ya ndege niliketi kando ya kijana wa Bungoma aliyekuwa akirudi kazini baada ya likizo. Nilipomuuliza habari za hiyo sikukuu, alicheka. "Mathe, kule watoto wanacheza sikukuu ya kila mtu. Idi wako, Diwali wako, Krismasi wako. Hiyo Halowini ni kuvaa vituko na kugonga milango waombe switi. Usijali." Kisha akalala hadi tukashuka.

Al Nahda tulifika jioni. Ni mtaa wa majumba marefu yaliyosongamana karibu na mpaka wa Sharjah, na kutoka dirishani magari yaliyokuwa yakirudi huko yalionekana kama uzi mwekundu usioisha. Esther na Barasa wanaishi orofa ya kumi na nne, nyumba moja na dada ya Barasa, Nekesa, na mapacha wake wa miaka sita, Musa na Haruni. Mapacha walinirukia mara moja. Zawadi alikuwa amebebwa na mama yake. Nikamnyoshea mikono.

Akaficha uso. "Huyu si Shosho," alisema. "Shosho ni mdogo. Anakaa kwa simu."

Wote walicheka, nami nikacheka. Halafu nikaingia bafuni, nikafungua maji, nikalia kidogo.

Siku ya pili na ya tatu nilijaribu kila nilichojua. Nilimwimbia, nikamkaangia mandazi, nikajifanya ng'ombe. Mandazi aliyala akiwa nyuma ya pazia. Nilikuwa na siku kumi na mbili tu, na tatu zilikuwa zimekwisha. Kitu kimoja tu kilimfurahisha mtoto yule, nacho ni lifti. Jumba lina orofa ishirini na mbili, na Zawadi alipenda kila kitu cha lifti: namba, taa, hata ule mlio wa "ting!" inapofika.

Siku ya nne, wakati wa kunywa chai, mapacha walitangaza kwamba siku ya Halowini mmoja atakuwa mamba na mwingine simba. "Na wewe Zawadi?" Nekesa akauliza.

"Lifti."

"Lifti si nguo!" Haruni akaangua kicheko. Zawadi akaanza kulia. Esther, ambaye alikuwa tayari amemnunulia gauni la binti mfalme, akashika kichwa.

Maneno yakanitoka kabla sijayafikiria. "Ni nguo. Inashonwa."

Zawadi alinyamaza, akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama bila kujificha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilichelewa siku moja, likaja kwa umbo la sindano.

Kesho yake asubuhi jirani yao, Bi Zuwena, mama wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu ujana wake, alijitolea kutupeleka Bur Dubai kwenye maduka ya vitambaa. Tulipanda treni hadi Al Ras, tukapita katikati ya wachukuzi na mikokoteni yao ya magunia ya viungo, tukavuka hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, kwa abra, kile kiboti cha abiria, hadi ng'ambo. Zawadi alitembea akishika mkono wa Bi Zuwena, si wangu.

Dukani nilichagua satini ya rangi ya fedha. Vifungo alichagua Zawadi mwenyewe, kimoja kimoja, ishirini na viwili, kila kimoja akikiinua kwenye mwanga kama mnunuzi wa dhahabu. Muuzaji alichoka, akatuhimiza tumalize. "Khalas, mama? Yalla!"

"Muache mtoto," Bi Zuwena akamjibu. "Unaona anajenga jumba."

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza Bi Zuwena kama yeye, Mwislamu, haoni vibaya mambo haya ya Halowini. "Sisi hatuisherehekei, mwenzangu," alisema. "Lakini mtoto akinigongea mlango, nimrejeshe mikono mitupu? Haiwi. Nshamuwekea halua."

Nyumbani hapakuwa na cherehani. Nikaketi sakafuni, nikaanza kushona kwa mkono. Sikumwita Zawadi. Alikuwa kwenye pazia, baadaye kwenye kiti, baadaye kwenye ukingo wa zulia. Siku ya pili ya ushonaji niliona mkono mdogo ukisukuma kifungo kuelekea gotini kwangu.

"Hiki ni saba," alisema.

"Asante. Sasa nipe nane."

Tulipofika kumi na tano alikuwa ameegemea mguu wangu. Ulikufa ganzi, nami sikuusogeza.

Jioni ya Halowini Barasa alichonga malenge mawili yawe na macho na meno. Nilipomwona akitaka kutupa nyama ya ndani, nilimpokonya bakuli. "Hata shetani mwenyewe hatupi chakula," nikamwambia, nikaibandika jikoni. Kisha tukatoka wote, mamba mbele, simba nyuma yake. Mlango uliobandikwa karatasi yenye picha ya malenge ndio uliokubali wageni.

Zawadi alikuwa amevaa lifti yake: satini juu ya maboksi, milango miwili kifuani, na vifungo vyote vimepangwa ubavuni. Mwenye nyumba akibonyeza kifungo, Zawadi alilia "Ting!", akataja orofa, akafungua milango, na ndani mlikuwa na mfuko wa switi. Mzee mmoja wa Kimisri alibonyeza mara sita, akamwita mkewe naye abonyeze. Bi Zuwena aliomba apelekwe orofa ya ishirini, akalipa nauli ya halua.

Kabla hatujashuka orofa ya tisa Esther aliniambia, "Mama, mshike Zawadi mkono. Usimwachilie."

Orofa ya tisa muuguzi mmoja Mfilipino alitufungulia, na baada ya watoto akaninyoshea mimi sahani ya keki. Kwetu mtu hupokea kwa mikono miwili. Nikapokea kwa mikono miwili.

Nikasikia "ting" nyuma yangu. Nilidhani ni Zawadi. Nilipogeuka, milango ya lifti ya kweli ilikuwa inafunga, na katikati yake niliona kipande cha satini.

"Mama!" Esther alipiga kelele. "Nilikuachia wewe!"

Taa ya juu ya mlango ilionyesha kumi na moja, kumi na sita, kisha ikaanza kushuka. Nekesa alikimbia ngazi za kupanda, Esther za kushuka, Barasa akawapigia walinzi. Mimi niliambiwa nibaki pale pale na mapacha. Nilisimama na ile keki mkononi, nikimwomba Mungu kwa sauti, na mamba alikuwa amenishika sketi akilia.

Mwishowe mlango ukafunguka. Alitoka Kato, mlinzi wa mlango mkuu, kijana wa Uganda, na nyuma yake Zawadi akiwa mzima kabisa.

"Nyabo, huyu ni wako?" Kato aliuliza. "Alikataa kutoka. Ati lifti haishuki kwenye lifti. Nikamuuliza, unamtafuta nani? Akasema Shosho yake. Nikamuuliza, yukoje? Akasema ana tepu ya fundi shingoni, ana pengo hapa juu, na magoti yake yanalia akiinuka. Tumefungua kila orofa tukitafuta magoti."

Nikagusa shingo. Kweli, utepe wa kupimia sikuwa nimeuvua tangu asubuhi. Na mimi nilidhani mtoto huyu hajawahi kunitazama sawasawa!

Zawadi alikuwa amekasirika. "Nilikufungulia mlango, Shosho," alisema. "Mbona hukuingia?"

Nikamwinua na maboksi yake yote. Kitu kilivunjika ndani ya lifti, vifungo viwili vikadondoka, naye akanikumbatia shingo. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiria.

Esther aliporudi akihema, aliketi kwenye ngazi akacheka na kulia pamoja. Baadaye tukila yale malenge aliniambia, "Mama, nisamehe vile nilikupigia kelele."

"Ulikuwa na haki," nikamjibu. "Mimi ningepiga zaidi."

Mashetani sikuwaona, isipokuwa Haruni baada ya kumaliza switi zake zote.

Nilirudi Nakuru wiki iliyofuata, baada ya siku nne za kubeba mtoto hadi mgongo ukalalamika. Jumapili ya kwanza jirani yangu Mama Chebet alinifuata nje ya kanisa. Wajukuu wake wanakuja Desemba kutoka ng'ambo, hajawahi kuwaona, na alikuwa amepanga kuwapokea uwanja wa ndege na kwaya nzima na ngoma.

Nikamwambia nilichojifunza. Kwaya aiache. Aketi chini, ashike ile sweta anayofuma, asiwaite. Watakuja wenyewe.

Akauliza, "Na sweta ikiisha kabla hawajanisogelea?"

"Fumua," nikamwambia, "uanze tena."