Jumapili za Lubudi

Miaka ile ya Zaïre, kila mwezi wa nane ulipofika Kolwezi, binti yetu alianza kukohoa. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na vumbi la mgodi lilitua juu ya sufuria, juu ya mito ya kitanda, hata ndani ya unga wa bukari, ugali wetu. Mwaka huu ninaousimulia alikuwa na miaka sita, na asubuhi aliamka amechoka kama mtu mzima aliyetoka kazini.

Mama mkwe wangu akasema tumwache kwake Lubudi mpaka mvua za kwanza zisafishe hewa. Nilikubali shingo upande. Kwetu mjukuu kulelewa na kambo, yaani bibi yake, si jambo la kushangaza. Wengi wetu tulikua hivyo. Lakini mimi sikupenda, na mpaka leo sijifanyi kwamba nilipenda.

Kila Jumamosi, salongo, kazi ya lazima ya mtaa, ikishaisha na mitaro ya mtaa ikishazibuliwa kwa amri ya serikali, mimi na mume wangu tulipanda lori la mfanyabiashara mmoja aliyekwenda Lubudi kuchukua mihogo. Tulifika nyuso nyekundu kwa vumbi, sabuni na chumvi ya mama mkwe mkononi. Binti alitoka shambani akitukimbilia. Akikimbia! Kolwezi hakuweza kuvuka kiwanja bila kusimama na kushika kifua. Nilifurahi, na furaha hiyo iliniuma.

Jumapili tulirudi. Jumatatu ilinikuta palepale: king'ora cha mgodi, mume kazini, mimi na beseni la nguo. Nilifua hata magauni ya binti ambayo hakuna aliyeyavaa, kwa kuwa vumbi liliyafuata mpaka kabatini. Nilianika, likatua tena, nikafua upya. Jirani alinicheka juu ya ua.

"Mama, uko nafulia nani?"

Nikakamua gauni kwa nguvu zaidi. Siku zile hasira zangu zilikuwa karibu.

Mwezi wa tisa, mvua zikiwa bado lakini shule zikikaribia kufunguliwa, tulikwenda kumchukua. Nilikuwa nimemshonea sare mpya kwa mkono wangu. Mama mkwe aliipapasa, akaisifu, kisha akamtazama mwanawe, si mimi.

"Tata, mutoto hakohole tena. Muko namupeleka wapi?"

Mume wangu akainamisha kichwa. Kazi yake ilikuwa mgodini, na nyumba yetu ilikuwa ya mgodi. Hakuwa na hewa nyingine ya kumpa mtoto. Nami nilikuwa tayari kugombana, maneno yamejaa mdomoni. Hapo nikamsikia binti akiimba nyuma ya nyumba, wimbo mzima, bila kukatika pumzi.

Nikasema basi, abaki. Shule ilikuwepo hata Lubudi. Nilimvalisha sare nione kama inamtosha, nikamfunga vifungo vyote, nikaviacha hivyo.

Lori lilipopiga honi alitusindikiza hadi barabarani, mkono wake ndani ya mkono wa kambo. Msichana mmoja wa jirani akamuuliza mimi ni nani.

"Ni mama ya Kolwezi," akajibu, bila ubaya wowote. Kisha akamvuta bibi yake. "Mama, tuende, moto itazimika."

Nilipanda lori nikakaa nimeipa barabara mgongo. Jumatatu king'ora kililia kama kawaida. Nilitoa beseni, nikafua nguo za kazi za mume wangu tu, na nilipomaliza jua lilikuwa bado changa.