Umri wa Kugusa Sikio

Kwa miaka mingi nilikana, hata kwa kuapa, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mtoto wa dada yangu kugusa sikio. Ni mimi.

Enzi za Mwingereza, kwetu Iyula watoto wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Aliyetaka kuingia darasa la kwanza alipitisha mkono wa kulia juu ya utosi. Vidole vikifika sikio la kushoto, amekua. Visipofika, arudi akachunge mbuzi. Nilikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu cha wasichana, nimejaa elimu mpaka inamwagika, na sikuona kwa nini mtoto mwerevu asubiri. Nikamwelekeza: inua bega, laza shingo kidogo, usicheke. Akapokelewa shule.

Mwaka huohuo jirani yetu, mtu mwenye wajukuu na shamba zuri la kahawa, alimnajisi mtoto yule. Alipobanwa hakubisha. Kilichobaki ni adhabu, na mbele ya baraza la mwene, ndivyo tunavyomwita chifu wetu, adhabu ilifuata umri. Kwa mtoto, mkosaji alipelekwa boma la serikali akafungwa. Kwa msichana anayekaribia kuolewa, alimpa baba ng'ombe, kisha akarudi kwake. Kwake kulikuwa nyuma ya migomba yetu. Dada yangu alitaka jambo moja tu: mtu huyo asirudi pale.

"Haya, mjukuu wangu," mzee mmoja wa baraza akasema kwa upole, "pitisha mkono tuone."

Mtoto alidhani ni mambo ya shule. Akainua bega, akalaza shingo, hakucheka. Sikio akalishika barabara.

"Huyu mkubwa," wakakubaliana.

Dada akainuka. "Ng'ombe mnampima kwa meno, mwanangu mnampima kwa mkono? Mtazameni mdomoni! Meno ya mbele hayajaota upya!"

"Keti, mama. Hapa si zizini."

"Kama si zizini, huyo ng'ombe mnayemtaja katokea wapi?"

Watu wakacheka, na wazee wawili watatu nao wakacheka. Hukumu ikawa ng'ombe. Njiani dada akaniuliza nani kamfundisha mtoto ule ujanja. Nikamjibu kwamba watoto hufundishana wenyewe.

Bwana shauri, yule Mzungu wa boma, alikuwa na uwezo wa kubadili hukumu za baraza. Tulimwendea kwa miguu. Nilimweleza yote kwa Kiingereza, pamoja na habari ya bega na shingo, kwa kuwa dada hakuijua lugha hiyo. Hata kuungama nilichagua lugha. Bwana shauri alinisifu matamshi, akaagiza yule mtu awekwe ndani bomani mpaka atakapoamua. Nilirudi nimefura kifua, nikiamini sarufi yangu imemfunga mtu.

Jibu lilikuja kwa simu ya misheni. Tuliitwa, nikashika mkono wa simu, dada akasimama karibu hata nikasikia pumzi yake. Aliyezungumza alikuwa karani wa boma.

"Bwana shauri anasema umri hauna ushahidi. Na baba wa mtoto amekwisha kupokea ng'ombe, ameridhika. Hukumu inabaki."

Nikamgeukia dada, nikamwambia kwa Kinyiha. Hakulia. Shemeji hakuwa amemwambia kwamba ng'ombe amekwisha kufika. Alikuwa amemficha ng'ombe huyo kwa ndugu yake, kijiji cha Mbebe.

"Muulize," akasema, "baba alifanywa nini hata aridhike?"

Nikamuuliza karani vilevile, neno kwa neno. Upande wa pili nikasikia mtu akipiga taipu.

"Bibi," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, "mimi nami nina binti. Lakini nimeambiwa nisome hivi tu."

"Yule mtu je?"

"Ameachiwa tangu asubuhi. Kama mna ndugu mbali, mpelekeni mtoto leo."