Taulo Juu ya Skrini

Msimu ulipofika katikati, nahodha wetu alianza kufunika skrini kwa taulo. Skrini yenyewe ni ile ndogo iliyo mbele ya usukani, inayoonyesha boti iko wapi na alama za mahali tunapovua ziko wapi. Nilipomuuliza, akasema ni jua. Jua la Januari, hapa Doha, asubuhi na mapema, wakati mimi nimevaa sweta mbili na pua inanichuruzika! Nikamjibu, "Sawa, mzee," lakini moyoni nikasema, huyu ameanza kunificha.

Tulikuwa wafanyakazi wawili tu katika boti ile. Yeye ni Mpemba, mtu mzima wa ndevu nyeupe, anashika usukani. Mimi ni mwongoza wageni: nafunga ndoana, nawafundisha watu wa hotelini kushika ufito wa kuvulia, nawapa maji wakitapika, na nawapiga picha wakishika samaki kana kwamba wamemvua peke yao. Boti ni ya Mkatari mmoja ambaye sisi tulimwita baba, kama wafanyakazi wengi wa huku wanavyowaita waajiri wao. Tunatoka bandari ya Al Wakrah miezi ile ya ubaridi peke yake. Joto likirudi, hakuna mgeni anayetaka kuchomwa hai kwa sababu ya samaki.

Mimi si mtu wa bahari. Nimezaliwa karibu na mto unaoshuka kutoka mlimani, kule kwetu Kenya, maji yake baridi kiasi kwamba ukisukutua unahisi meno yanataka kung'oka. Humo mna trauti, samaki wa madoadoa walioletwa na Wazungu zamani, Wazungu wakaondoka, samaki wakabaki. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuongoza wageni kwenye mto huo. Simama hapa, kivuli chako kisianguke majini. Lowesha mikono kabla hujamshika, mkono mkavu unamchubua. Mdogo mrudishe. Nilipokuja Doha sikuja kuvua, nilikuja kusimama. Nilikuwa askari wa mlangoni kwenye duka kubwa, miaka mingi, viatu vyeusi, sakafu inayong'aa, asubuhi na jioni hazina tofauti. Baba ndiye aliyenitoa pale, baada ya kuniona namsaidia kufungua mshipi uliojifunga kwenye ufito wake mpya. Siku ya kwanza niliyotoka naye baharini nililia, na nilisingizia chumvi.

Mlango ulinifundisha jambo moja tu, nalo ni kutazama mikono ya mtu kabla ya uso. Uso kila mtu anaupanga. Mikono watu huisahau.

Sasa, huko nje kuna tishari kuukuu la mizigo lililozama. Nahodha ndiye aliyeligundua msimu uliotangulia, siku ambayo maji yalikuwa yametulia. Juu yake hukusanyika nguru, ambao Waarabu wanawaita kanadi, na chini yake chewa wakubwa. Mahali pale tulipajua watatu: nahodha, mimi na baba. Mgeni akipelekwa pale alirudi akicheka, akawaambia wenzake hotelini, nao wakaja. Msimu wetu wote ulikuwa umesimama juu ya tishari lile.

Asubuhi moja tulifika na wageni tukakuta boti nyeupe yenye mstari wa buluu imeshatia nanga. Haikuwa kando ya tishari wala karibu nalo. Ilikuwa juu yake hasa. Nahodha akazima injini, akanitazama. Mimi nikamtazama yeye. Nadhani urafiki wetu ulianza kuharibika hapo, kabla yeyote hajasema neno.

Boti ile ikaja tena, na tena. Baba akatuita bandarini, akasimama mbele yetu na kanzu yake nyeupe, amekasirika. Akasema kwa Kiarabu chake cha polepole, kile anachotumia nasi, kwamba mmoja wetu ana mdomo mrefu, na kwamba joto likirudi mmoja wetu atarudi alikotoka, akipatikana mwenye kosa au asipatikane. Nahodha alikotoka ni Pemba. Kwangu mimi, alikotoka maana yake mlangoni, kwenye viatu vyeusi. Sioni aibu kusema kwamba kuanzia siku ile nilitaka mwenye kosa awe yeye.

Na dalili zilikuwepo tele! Nahodha hula tambuu. Nahodha wa ile boti nyeupe, Mbangladeshi mwembamba, naye hula tambuu. Kila tuliporudi, wawili hao walikutana kwenye ngazi za gati, kila mmoja akitoa kikopo chake, wakipeana majani na chokaa, midomo myekundu, wakicheka. Lugha hawana. Basi wanaongea nini? Niliketi kwenye ndoo nikijifanya naosha ndoana, natazama mikono yao. Mpemba anainua kiganja, anakisukuma mbele, anakipindisha kushoto. Mwenzake anatikisa kichwa. Mtu anaweza kumweleza mwenzake njia nzima kwa kiganja kimoja, nami nilikuwa na hakika kwamba ndicho nilichokiona.

Yeye naye alikuwa na dalili zake juu yangu, wala hakuzificha. Siku moja nilishika chewa mdogo, nikalowesha mikono, nikamtoa ndoana taratibu, nikamwachia majini. Nahodha akageuka.

"Weye, mtu wa bara," akasema. "Samaki mdogo wamrejeza baharini, akamwambie nani?"

"Mzee, si ndio akue. Kwetu ni kawaida."

"Kwenu." Akatema tambuu. "Na hizi picha unazopiga wageni, kutwa, majumba yaonekana nyuma, mtu ajua tulipo. Na simu zako za kilugha. Sema Kiswahili, tukusikie sote."

Nilikuwa naongea na mama yangu kuhusu ng'ombe. Lakini ningemweleza vipi? Ukishashukiwa, hata ng'ombe wa mamako anakuwa siri.

Kilichoniuma zaidi ni chakula. Kabla ya hapo tulikula sinia moja. Yeye alipika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, mimi nikakata kachumbari, tukaketi nyuma ya boti na kumega upande kwa upande, na alinicheka kwa kuogopa miiba. Baada ya maneno ya baba, alianza kuja na bakuli lake lenye kifuniko. Nami kwa kiburi changu nikaanza kuja na ugali uliopoa na sukuma wiki. Alikula akitazama mbele, mimi nikitazama nyuma, na wageni walidhani ni desturi yetu. Mgeni mmoja hata aliniuliza kama ni mambo ya dini.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Baba alikuwa na wageni nyumbani kwake Muaither, baada ya swala, akatutaka twende na samaki. Nahodha aliwekwa uani kwenye makaa achome, maana hakuna mkono unaochoma samaki kama wake, hata nikimchukia lazima nilikubali. Mimi nikaingiza sahani majlisini, yaani kile chumba cha wageni chenye mito ukutani, wanaume wameketi chini kwenye zulia. Nikaambiwa nikae karibu na mlango, nimimine kahawa. Nikacheka kimoyomoyo, mlango tena.

Kando ya baba aliketi mwanamume mnene, mchangamfu, shemeji yake. Niliposhika dele la kahawa na kumfikia, alikuwa anamwonyesha baba picha kwenye simu. Boti nyeupe. Mstari wa buluu. Karibu nimwage kahawa kwenye goti lake.

Kiarabu changu ni cha mlangoni, lakini kinatosha. Shemeji alikuwa anamshukuru baba. Jumatano kanadi walikuwa wengi, Mungu akubariki, lakini mkondo ulimsukuma, je, alikosea wapi? Baba akacheka. Akachukua sahani ya tende, akaiweka kwenye zulia: hii bandari. Akaliomba dele mkononi mwangu, akalisimamisha: hili jengo refu. Akachukua kikombe kidogo, kile kisicho na mkono, akakisukuma taratibu kutoka kwenye tende, dele likibaki kushoto, akakipindisha, akakisimamisha. Hapa, akasema. Usifike hapa kabla ya maji kujaa.

Nilitazama mkono wake. Mkono mnene, msafi, pete ya fedha, haukuwa na wasiwasi wowote. Kwake yeye hakuwa anavujisha kitu. Mgeni wake, shemeji yake, ameomba, naye atamnyimaje akiwa ameketi kwenye zulia lake? Nina hakika hakuwahi kuunganisha kikombe kile na hasira yake ya bandarini. Au aliunganisha. Maana aliponirudishia dele alinitazama, akakawia kidogo, kisha akakiokota kile kikombe na kukiweka pamoja na vingine.

Nahodha wakati huo yuko uani, machozi yanamtoka kwa moshi. Hakuona chochote.

Wageni walipoondoka, baba alinisimamisha kizingitini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka jambo liishe: "Inta gul. Minu?" Sema wewe. Ni nani?

Ningesema nini? Ni wewe, baba? Nilikuwa bado nimeshika vikombe vyake kwenye trei. Na mbele yangu lilikuwa jibu jepesi kuliko yote, lenye ndevu nyeupe, linafuta masizi uani. Jina lile lilinifika mdomoni. Sitaki kujifanya halikufika.

"Ndege, baba," nikasema. "Membe. Wanazunguka juu ya dagaa pale kwenye kanadi, mtu yeyote anawaona kutoka mbali."

Baba akarudia polepole, "Ndege." Akanipiga begani, akaniambia nimwite nahodha.

Niliketi kwenye pikapu nikimngoja nahodha. Kupitia kioo niliwaona wamesimama, nahodha ameinamisha kichwa. Alichelewa sana kujibu. Kisha alijibu, na kwa mkono wake, ule ambao nilikuwa nimeutazama msimu mzima, alionyesha upande wa pikapu. Labda alikuwa anaonyesha gari tu. Labda anaeleza kwamba makaa yamebaki. Tulirudi Al Wakrah bila kuongea, naye akaendesha akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, jambo ambalo halifanyi hata kwenye mawimbi.

Kesho yake tulitoka kama kawaida na wageni wawili, mume na mke. Tulipokaribia tishari, boti nyeupe ilikuwa pale, na juu yake membe wanazunguka kweli, wanapiga kelele, kana kwamba nimewalipa. Nahodha akapunguza mwendo. Skrini ilikuwa imefunikwa taulo.

"Jana baba kakuuliza?" akasema, bila kunitazama.

"Ameniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Ndege."

Wageni walikuwa mbele wakipiga picha.

"Miye nimekutaja weye," akasema.

Nilitaka kumshika shati. "Mzee, umeniona nikisema na nani? Lini?"

"Sikukuona. Nimefikiri. Nina watoto, bwana we." Akakaza mikono kwenye usukani. "Nikamwambia, huyu mtu wa bara ndiye. Baba akanitazama kisha akacheka. Kasema, mwenzako kasema ndege, basi ni ndege. Mtarudi nyote msimu ujao. Sikulala."

Nikachukua kikopo chake cha tambuu pale kwenye dashibodi, nikakiweka sakafuni. Nikaweka kisanduku cha ndoana: hii bandari. Kikopo: hili jengo refu. Nikafungua kifuniko cha chupa ya maji, nikakisukuma taratibu, kikopo kikibaki kushoto, nikakipindisha, nikakisimamisha. Nikamwambia ni mkono wa nani uliosukuma kikombe hivyo, na shemeji wa nani alikuwa anatazama, na boti ya nani ilikuwa kwenye simu.

Alikiinamia kile kifuniko. Boti ilikuwa inachukuliwa na mkondo, na mgeni mwanamke akauliza kama tumefika.

"Astaghfirullah," akasema mwishowe. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi siku zote zile nimekula peke yangu bure."

Nilikuwa na hasira, na ninayo kidogo hata leo. Lakini najua pia jambo ambalo yeye hajui. Baba angeniuliza siku moja kabla, kabla ya vikombe, ningemtaja yeye, na nisingechelewa kujibu kama yeye alivyochelewa.

Akaliondoa taulo kwenye skrini, akajifuta uso, akalitupa nyuma kwenye ndoo. Mchana alifungua bakuli lake na kumimina wali kwenye sinia, nami nikakata kachumbari. Tukaketi nyuma ya boti, tukaanza kumega. Nilijikuta natazama mikono yake, na nilipoinua macho nilimkuta anatazama yangu.