Masikio ya Fundi Khaemba

Watu wa mtaa wa Section 58 wanajua mambo mawili kuhusu Fundi Khaemba. La kwanza, redio ya zamani haijawahi kumshinda. La pili, mkewe Nekoye akimtuma, huwa hasikii. "Sikusikia, Mama Milcah," ndilo jibu lake, na Nekoye amelipokea kwa miaka thelathini na minane bila kuliamini hata siku moja. Kununua sukari, hakusikia. Mlango wa choo umelegea, hakusikia. Lakini spika ikikwaruza nyumba ya tatu, mzee huyohuyo atasimama na kijiko mkononi akwambie ni waya gani umeachia.

Hiyo ndiyo fahari yake. Mafundi wa siku hizi hupima kila kitu kwa mita ya umeme. Ya Khaemba imelala kwenye droo. "Mita ni fimbo ya asiyesikia," husema, kisha humtazama mteja aone kama neno limeingia.

Basi Jumatatu moja ya Julai, baridi kali, akaja mama mmoja wa Kabazi aitwaye Jepkorir, amebeba ndani ya blanketi, kama mtoto, amplifaya ya valvu, ile mashine ya zamani ya kukuza sauti yenye taa za kioo. Ilikuwa ya marehemu baba yake, na ilikuwa haijawashwa kwa miaka ishirini. Jumapili ukoo wao ulikuwa unakutana, na shangazi zake wakongwe walikuwa wameapa kwamba hawatacheza muziki wa simu. Khaemba alipofungua kifuniko akakuta jina lake mwenyewe, limeandikwa ndani kwa penseli alipoitengeneza akiwa kijana. Alifurahi mpaka akasahau kumkaribisha mgeni kiti.

Sasa, mashine iliyolala muda huo wote huiwashi tu ghafla, utaiunguza. Khaemba huupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kizamani, ile inayotoa joto. Balbu ikiwaka sana, kuna shoti ndani. Ikififia, endelea na kazi. Balbu hula sehemu ya umeme, nayo mashine huamka polepole. Tatizo ni kwamba balbu hizo zimekuwa adimu, na iliyosalia pale nyumbani ilikuwa inawapasha joto vifaranga wa Nekoye.

"Naiazima dakika tano tu," akamwambia. Akaifunga kwenye waya wake wa kupimia, kati ya mashine na ukuta, akaifunika kwa mkebe wa mafuta ya kupikia isimuumize macho, akaanza kazi.

Alibadilisha kapasita zilizovimba. Akasugua miguu ya valvu kwa spiriti na mswaki. Akachomelea upya nyaya zilizolegea. Alhamisi valvu zikaanza kuwa nyekundu taratibu, akaweka santuri. Muziki ukatoka, ila mdogo jamani, kama mwimbaji amefunikwa gunia. Akafungua sauti hadi mwisho. Wapi! Akajaribu valvu nyingine. Wapi! Mtu mwenye mita angeitoa kwenye droo. Khaemba, mwenye masikio, akaketi, na wazo baya likamjia.

"Mama Milcah, unausikia huu muziki?"

"Nausikia vizuri," Nekoye akajibu kutoka jikoni. "Asiyesikia ni wewe. Balbu yangu nimeitisha mara ngapi? Vifaranga nawapasha joto kwa jiko la makaa tangu Jumatatu. Lakini sikio la kufa halisikii dawa!"

Neno hilo lilimchoma moyo. Je, alikuwa ameitishwa balbu kweli? Baada ya miaka yote ile ya kujifanya, hakujua tena ni lini alijifanya na ni lini hakusikia. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Akaiweka saa ya mkono sikioni. Iligonga, tik, tik, lakini akajiambia huo ni moyo wake. Akajitia mafuta ya zeituni masikioni, akainamisha kichwa mpaka shingo ikamuuma. Aliogopa, na hakumwambia mtu. Fundi wa redio asiyesikia ni wa nini? Ijumaa akaanza kufunga bisibisi zake kwenye gazeti.

Jumamosi Jepkorir akafika. Khaemba akaweka santuri, akamkazia macho.

"Iko sawa, mama?"

Jepkorir akatega sikio, akainamia spika. "Iko sawa kabisa, mzee," akasema kwa upole. "Asante sana."

Basi imekwisha, Khaemba akawaza. Mgeni anasikia, mimi ndiye nimebaki. Akakohoa, akaanza kutoa hotuba. "Mama, nataka ujue hii ndiyo kazi yangu ya mwisho..."

Hapo Nekoye akaingia kama askari, leso imefungwa kiunoni. "Mwisho wa nini? Kifaranga mmoja ameanza kusinzia kwa baridi!" Akanyanyua mkebe. Balbu ilikuwa inawaka chini yake, hafifu, palepale alipoifunga Jumatatu. Akaishika kwa pindo la leso, akaizungusha, akaichomoa.

Muziki ukazimika.

Khaemba akaitazama ile nafasi tupu ya balbu. Akazima swichi, akang'oa waya wake wa kupimia, akachomeka plagi ya amplifaya moja kwa moja ukutani. Wakangoja valvu zipate moto.

Woi! Gitaa lilipoingia, vioo vya dirisha vilitetemeka, na jogoo wa jirani akaruka ua. Jepkorir alishika kifua. "Mzee! Kumbe inaweza hivi? Mimi niliona ni ndogo, lakini nikaona haya kukwambia!"

Khaemba alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, ameshika masikio yake mawili kwa mikono yote miwili. "Nasikia!" akapaza sauti. "Mama Milcah, nasikia kila kitu! Hata besi! Hata yule anayepiga kayamba nyuma kabisa!"

Nekoye alikuwa ameshafika mlangoni na balbu yake. Akageuka, akasema polepole bila kupaza sauti hata kidogo, muziki ukiwa umefunguliwa hadi mwisho:

"Nimefurahi, Baba Milcah. Sukari imeisha. Na ule mlango wa choo."

Jepkorir akamtazama fundi. Khaemba akaenda kutafuta bisibisi kwenye gazeti.