Safari ya Kuirudisha Mashini ya Mama

Baba alichukua mashini ya kushona siku ya Jumapili, sisi tukiwa misani. Tuliporudi Panda, kwenye nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi, tulikuta alama nne za miguu ya mashini kwenye simenti, pale chini ya dirisha, na vipande vya uzi. Jirani alisema alimwona akisaidiwa kuipakia kwenye kamyo, yaani lori, iliyokuwa ikienda kuchukua makala, ule mkaa wa kupikia. Mama hakulia. Alifagia, akaenda kuchemsha maji. Mimi ndiye niliyevunja sahani.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati mji wetu wa Likasi ulikuwa unabomoka kidogo kidogo mbele ya macho yetu. Kampuni ya madini iliacha kugawa unga, kisha ikaacha kulipa, kisha ikawaambia wanaume kama baba wakae nyumbani wangoje kuitwa. Baba alingoja mwaka mzima, kila asubuhi amevaa viatu vya kazi. Halafu akaenda kulima katika kijiji alikozaliwa, kupita Mulungwishi, akaahidi kutuma mahindi. Mahindi hayakuja. Yaliyokuja ni maneno ya watu, kwamba kuna mwanamke. Na sisi tulikuwa watoto sita tuliokula kwa sare za shule na mashati ya kwaya aliyoshona mama, kwa sababu mimi, mkubwa wao, nilikuwa mwalimu ambaye Serikali ilikuwa imesahau kumlipa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama alinikataza kwenda kuifuata mashini. Nilikwenda.

Baba alikuwa ameacha baiskeli yake kwa sababu tairi la nyuma lilikuwa limekwisha. Nililifunga kwa vipande vya mpira wa ndani, nikatoka alfajiri. Kwenye kizuizi cha askari, baada ya nyumba za mwisho, askari walikuwa bado wamelala. Niliinua kamba kwa mkono, nikapita chini yake.

Ilikuwa Oktoba, kiangazi kikiwa mwishoni, joto lile la kabla ya mvua ambalo linakuingia mpaka kwenye meno. Barabara inapanda na kushuka bila huruma. Tairi langu lilikuwa linagonga kila lilipozunguka, pale penye mafundo ya mpira, na kila pigo nililisikia mgongoni. Mnyororo ulichomoka mara tatu, nikaurudisha kwa vidole vyeusi, nikimtukana baba kwa sauti kwa sababu hapakuwa na mtu wa kunisikia. Wachoma makala walikuwa wanakuja upande wa mji, wakisukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia kupita urefu wa mtu. Mmoja alisimama akanicheka.

"Mama, bwana yako iko wapi? Anakutuma weye na kinga?"

Kinga ndiyo baiskeli, kwetu. Nilikanyaga pedali kama namkanyaga yeye. Msitu ulikuwa umetoa majani mapya, mekundu, laini, kama unavyofanya kila mwaka kabla ya mvua, na hata hilo lilinikasirisha. Nilijiuliza kwa nini miti inapata nguo mpya na wadogo zangu hawapati.

Mulungwishi nilikunywa munkoyo, ile pombe nyepesi ya mahindi na mizizi, kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza kando ya barabara. Aliniuliza ninaenda wapi, nikamwambia. Akanijazia kikombe cha pili.

Nilifika kijijini jua likiwa limeanza kuinama. Kabla ya kuiona nyumba niliisikia mashini. Ningeijua sauti ile popote. Mwanamke alikuwa ameketi chini ya kibanda cha majani, anashona gauni la mtoto. Alinizidi miaka minane hivi, si zaidi.

"Bonjour, mama," nilisema.

"Bonjour. Weye njo nani?"

"Minye mutoto ya mwenye mashini."

Akatabasamu. "Ah! Karibu. Papa iko mu shamba, atakuya sasa hivi."

"Haina papa. Mwenye mashini njo mama yangu."

Miguu yake ilisimama kwenye pedali. Alinitazama, akaitazama mashini, akasema polepole:

"Papa alisema mama yenu aliacha kushona. Asema macho inamuuma."

"Macho yake iko muzuri. Aliona vizuri kama mashini haiko."

Baba alikuja akiwa na jembe begani. Alikuwa amezeeka. Alivaa ovaroli ya kampuni, ameikata magotini. Hakuniuliza habari ya mama wala ya watoto. Alitazama gurudumu la nyuma akasema:

"Umeharibu kinga yangu."

Sijui kama nimewahi kukasirika namna ile, kabla au baadaye. Nilimwambia kila kitu, mbele ya huyo mwanamke na mbele ya majirani waliotoka kusikiliza. Nilimwambia kwamba mdogo wangu wa mwisho alizimia shuleni kwa njaa. Nilimwambia kwamba mama amekopa sindano ashone kwa mkono shati la mteja ambaye shati lake lilikuwa limekatwa tayari.

"Ile mashini kampuni ilinipa minye," baba alisema. "Miaka makumi mbili ya kazi! Waliniita mbele ya bantu bote, wakanipigia mikono."

"Weye ulitaka radio. Mama njo alichagua mashini."

"Na sasa niko na nini?" Sauti yake ilipasuka. "Uniambie. Walichukua kazi, watachukua na nyumba. Niko na nini, minye?"

"Uko na batoto sita."

Aliinua mkono. Nilisogea mbele ili anipige vizuri. Hakunipiga. Aliushusha mkono, akaketi chini kwenye vumbi, akatazama miguu yake. Watu wangependa niseme kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Niliona mzee aliyechoka, na nikaona pia kwamba alikuwa amechoka huku ameshiba.

Mwanamke ndiye aliyeleta bisibisi. Hakuomba ruhusa. Alifungua skurubu mbili, akang'oa kichwa cha mashini kutoka kwenye meza yake, akakifunga kwa kitenge alichokivua kiunoni, akabaki na sketi.

"Beba kichwa," aliniambia. "Meza ni muzito, hautaiweza."

Alinisaidia kukikaza kwa kamba kwenye kerea ya baiskeli. Sikumshukuru. Nilikuwa nimekuja tayari kumchukia na sikutaka safari yangu iharibike. Katika mambo yote ya siku zile, hilo ndilo ninalolionea aibu.

Nililala Mulungwishi kwa yule mama wa munkoyo. Kesho yake, mchana, nilifika kwenye kizuizi cha askari. Sasa walikuwa macho. Mmoja aligonga kitenge kwa kitako cha bunduki, chuma kikalia.

"Karatasi ya mashini iko wapi?"

"Ni ya mama yangu. Kampuni ilimupa papa."

"Bote banasema kampuni. Bote banaiba kampuni." Alicheka. "Minye niko muntu muzuri. Chagua: kinga ao mashini."

Nilipiga kelele. Nilimwita mwizi, nikamuuliza kama mama yake alimzaa ili asimame barabarani kunyang'anya wanawake. Wachoma makala walisimama, wakainamisha vichwa. Askari alingoja nimalize. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bunduki: alikuwa amezoea, alingoja kama mtu anayengoja mvua ipite. Nilipokwisha, aliuliza tena.

Nilifungua kamba, nikatoa mashini, nikaitupa baiskeli ya baba kwa teke ikaangukia mtaroni. Mchoma makala mmoja alinitwika. Nilitembea mpaka Panda na kile chuma kichwani, shingo ikiwaka moto, na sikutua hata mara moja kwa sababu nilijua nikitua sitainuka.

Mama alinipokea mlangoni. Aliweka mashini juu ya meza, akaifungua, akazungusha gurudumu kwa kidole kuona kama linakwenda. Kisha akauliza:

"Na papa yenu? Anakula?"

Nilitoka nje. Nilikaa nyuma ya nyumba mpaka hasira iliponiruhusu kuingia tena.

Seremala wa kambi alichonga kibao cha kuishikilia, na mama akashona miaka mingi akizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kusukuma kitambaa kwa wa kushoto. Bega lake la kulia lilipinda. Wanne kati ya wadogo zangu watano walimaliza shule. Baba alirudi baadaye, mgonjwa, na mama akamtandikia kitanda kana kwamba alikuwa ametoka zamu. Mimi nilipanga chumba mjini, karibu na shule yangu. Nilikuja kila Jumamosi kumfulia baba nguo. Nilizifua vizuri, nikazianika, nikaondoka kabla hajaamka.