Mastura na Diski Aliyoiapia

Wifi yangu Mastura hupiga video za harusi hapa Usagara, tena zile za ndani tu, za wanawake watupu, mitandio imetupwa pembeni na viuno havina adabu. Mwanamume hagusi kamera wala kompyuta. Akishamkabidhi bibi harusi flashi yenye video yake, Mastura hukaa mkekani na mama wa bibi harusi, akachomeka eksteno, ile diski anayohifadhia kazi, akaifuta mbele ya macho yake. Si kufuta kwa kubofya mara moja, la! Huandika sifuri juu ya kila kitu, saa nzima na ushei, kahawa na kashata zinazunguka, mpaka kompyuta iseme tayari. Ndiyo maana akina mama wanamwita yeye, na mimi wivu nilikuwa nao, sikatai.

Siku ya kuifuta video ya harusi ya Asmahani umeme ukakatika. Laptopu ilibaki na chaji kiduchu, na nyumbani mtoto wa Mastura alikuwa anawaka homa. Wifi yangu akapita njia ya mkato, akafomati kwa haraka, nusu dakika kwisha. Kufomati kwa haraka ni sawa na kung'oa namba za vyumba vya gesti. Wageni bado wamelala ndani. Bi Mwanahamisi, mama yake Asmahani, akamuuliza, "Imefutika kabisa?"

"Kabisa, Bi Mwanahamisi. Wallahi."

Jioni alinisimulia huku analia. Akanunua eksteno nyingine, ile akaifungia kabatini, hata kuitazama anaona haya.

Baada ya Idi, Bi Mwanahamisi akafariki ghafla. Arobaini ilipopita, Asmahani akabisha hodi kwetu, tumbo la miezi saba, macho yamevimba.

"Shikamoo, da Mastura. Ile flashi niliifua pamoja na dera, ilikuwa mfukoni. Sina sauti ya mama popote. Najua uliifuta diski, nilikuwepo. Lakini mfa maji haishi kutapatapa."

Nikamvuta wifi jikoni. "Sema haiwezekani! Nani atajua? Ukiirudisha umejitangaza mwongo, tena wa kiapo. Nani atakuita harusini tena? Utakula nini, kamera?"

Akanitazama. "Najat, wewe unayo sauti ya mama yako kwenye simu?"

Sina. Mama yangu namkumbuka uso, sauti imenipotea, na hilo linaniuma kuliko kaburi lenyewe. Nikampisha mlangoni.

Akarudi sebuleni, akakaa chini kabisa, miguuni pa Asmahani. "Mdogo wangu, siku ile nilikudanganya. Sikuifuta vizuri. Nilimwapia marehemu uongo."

Mastura akaitoa diski kabatini, akaichomeka, akatuonya kwamba humo hakiongezwi kitu hata kimoja, maana kipya kikiingia kinakalia cha zamani. Kitakachopatikana kitawekwa kwenye eksteno mpya. Programu ya kurudishia ikaanza kuchambua. Tulikaa saa mbili, chai ikapoa. Mafaili yakawa yanarudi bila majina, mengi yamevunjika. La kwanza likagoma kufunguka, la pili hivyo hivyo. Asmahani alikuwa ameshika kitambaa cha meza utadhani kitakimbia.

Kisha moja likafunguka. Picha ilikuwa imekatikakatika, lakini sauti nzima, safi. Bi Mwanahamisi anampaka mwanawe hina: "Tulia, we mtoto! Unatetemeka kama unayepelekwa kung'olewa jino. Mume huyo, si daktari!"

Wanawake kwenye video wakaangua kicheko. Nikacheka nami, halafu nikaona shavu langu limelowa.

Mastura alishindwa kujizuia. "Asmahani, nisamehe. Ukitaka kuwaambia watu nilivyofanya, waambie, ni haki yako, mimi sita—"

Asmahani akamziba mdomo kwa kiganja, macho hayakutoka kwenye laptopu.

"Nyamaza, da Mastura. Mama anaongea."